Sentimita Kumi za Mwisho za Deki ya CD

Deki ilifika Mbeya kwa basi la kutoka Iringa, imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba ya katani. Juu ya blanketi kulibandikwa kipande cha boksi chenye neno moja la makapeni: USITUPE.

Mwandiko niliujua. Ni wa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Kihesa, ambaye kwa miaka mingi amefundisha kwaya ya usharika wao. Nyimbo mpya huwafundisha kwa kuwasikilizisha. Anaweka CD, anasimamisha, anarudisha nyuma, anawaambia sauti ya pili wanyamaze kwanza, anaweka tena. Wanakwaya wake wengi hawasomi nota, kwa hiyo deki ile ndiyo kitabu chao.

Jioni nikampigia. Tulipomaliza salamu za kamwene, habari za watoto na habari za baridi, akaingia kwenye shida yenyewe. "Mwanangu, wakiimba taratibu ni nzuri kabisa. Wakipaza sauti, inakwaruza. Na sauti ya nne siisikii sawasawa, besi imekonda. Fundi wa hapa ameshabadilisha lenzi mara mbili."

Lenzi mara mbili. Kwa sentensi zake tatu za kwanza Mama Mkubwa alikuwa ameshaeleza ugonjwa vizuri kuliko mafundi wote walioifungua deki ile, nikiwemo mimi katika wiki mbili zilizofuata. Ilinichukua muda kumsikiliza.

Kwetu huku deki ya CD ikisumbua, hukumu ni moja: lenzi imechoka. Sisemi lenzi hazichoki. Zinachoka, na vumbi la kiangazi hapa Mwanjelwa linazimaliza mapema. Lakini lenzi ikifa ina namna yake ya kufa. Wimbo unaruka, unakwama, unarudia neno moja kama kasuku, au deki inazungusha CD na kugoma kuisoma. Lenzi haina namna ya kuchagua kukwaruza pale tu kwaya inapopaza sauti, na sababu yake ni nzuri sana kuifikiria.

Kwenye CD, sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kimeandikwa kwa biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: biti 1,411,200 za sauti kila sekunde. Hesabu hiyo haibadiliki kwaya ikinong'ona au ikipiga vigelegele. Leza inasoma vishimo vilevile kwa mwendo uleule, na kwake kimya cha madhabahuni na mlio wa tarumbeta ni kazi moja. Kwa hiyo sauti ikiharibika kwa sababu ya ukubwa wake, uharibifu umetokea mahali ambapo sauti imeshakuwa na ukubwa. Umetokea baada ya namba kugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka. Na baada ya hapo, ndani ya deki, hakuna safari ndefu. Kwenye deki ya Mama Mkubwa, kutoka mguu wa kigeuzi, kipuri kinachogeuza namba kuwa umeme, hadi jeki za nyuma ni kama sentimita kumi za bodi.

Ni sentimita hizo kumi ninazotaka kuziandikia. Watu huzungumzia lenzi, na wajuzi zaidi huzungumzia aina ya kigeuzi, wakibishana kuhusu namba zilizochapwa mgongoni mwa aisi, kile kipuri cheusi chenye miguu mingi, kama watu wanavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Kipande cha mwisho kinapita bila kutajwa. Mimi naamini tabia ya deki ya zamani iko pale, na ugonjwa wake mwingi uko pale pale.

Deki yenyewe ni nyeusi, pana, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, imetengenezwa Ulaya. Ukifungua mfuniko unaona trafo nzito, na katikati ya bodi kigeuzi cha Philips kiitwacho TDA1541A, aisi ndefu yenye miguu 28, kimezungukwa na kapasita 14 ndogo, vipuri vya kutunza chaji, kama kuku na vifaranga. Kando yake opampu nne za NE5534, aisi ndogo za kukuza sauti, mbili kwa kila njia. Halafu kapasita za kutolea sauti, transista mbili ndogo, jeki. Basi.

Kabla ya kuwafikia hawa mmoja mmoja, inabidi nirudi nyuma kidogo, maana umbo la kipande hiki lina historia.

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony walianza kuuza Japani deki ya CDP-101. Kigeuzi chake kilikuwa cha biti 16, na kimoja tu kwa masikio yote mawili; kinahudumia njia moja, kinahamia nyingine, kwa hiyo njia moja inachelewa mikrosekunde 11 hivi. Ni kama kusogeza spika moja nyuma milimita nne. Philips, wenzao katika kubuni CD, walikuja na kigeuzi cha biti 14 tu, TDA1540, na wakatafuta njia ya kufidia zile biti mbili. Wakaongeza idadi ya vipimo mara nne kwa hesabu, kutoka 44,100 hadi 176,400 kwa sekunde, kabla ya kuvipeleka kwenye kigeuzi. Fidia ilifanya kazi. Lakini zawadi kubwa zaidi ilitokea upande wa pili, kwenye kutolea sauti.

Sauti iliyojengwa kwa ngazi za namba huacha vivuli vyake juu ya masafa tunayoyasikia. Mlio wa kilohezi 20 huacha kivuli kwenye kilohezi 24.1, yaani 44.1 kutoa 20. Deki inatakiwa ipitishe wa kwanza bila kuugusa na iuzime wa pili kabisa. Aliyewahi kuteremka mlima Kitonga kwa lori anaelewa maana ya kushuka urefu mkubwa kwenye umbali mfupi. Wajapani wa mwanzo walilazimika kujenga Kitonga hiyo kwa koili, kapasita na opampu nyingi, na kila kona ya barabara ile iliipinda sauti kidogo, hasa kule juu karibu na kilohezi 20. Kwa njia ya Philips kivuli kilisukumwa mbali, hadi kilohezi 156.4. Kati ya 20 na 156 kuna nafasi ya mteremko ambao hata baiskeli yenye gunia la viazi inashuka bila breki. Kichujio kikawa kidogo, cha upole, chenye vipuri vichache.

TDA1541 ya biti 16 ilikuja baadaye, katikati ya muongo, ikarithi mpango huo wa mara nne. Ndiyo maana kipande cha mwisho cha deki ya Mama Mkubwa ni kifupi namna ile. Uchache wa vipuri vyake haukuwa ubahili wa kiwanda. Kazi kubwa ilishafanywa kwenye namba.

Sasa kigeuzi chenyewe. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba TDA1541A haitoi volti. Inatoa mkondo. Mguu wa 6 kwa upande mmoja na wa 25 kwa upande mwingine, mkondo wa hadi miliampia 4, na miguu hiyo haivumilii volti yoyote kujikusanya juu yake. Mipaka yake ni milivolti 25 juu au chini ya ethi, yaani sifuri ya saketi. Milivolti 25 ni kidogo mno.

Mimi huieleza hivi kwa vijana wanaokuja kujifunza. Fikiria banio la mfereji wa mpunga kule Mbarali. Kipimo chako ni wingi wa maji yanayopita banioni kwa sekunde. Mtu akijenga tuta mbele, maji yakaanza kujaa na kurudi nyuma, banio halipitishi tena kiasi kilichopangwa na kipimo chako kimeharibika. Unahitaji mtu asimame pale ayachote maji kwa kasi ile ile yanayoingia, usawa usipande hata kidole kimoja. Na ukitaka kujua maji yalikuwa mengi kiasi gani, usitazame mfereji. Mtazame yeye alivyokuwa akihangaika.

Huyo mchotaji ni opampu ya kwanza. Inauweka mguu wa kigeuzi kwenye sifuri bila kuufunga kwenye ethi, na ili kufanya hivyo inauvuta mkondo wote kupitia rezista moja, kipuri kinachoubana mkondo. Kwenye deki hii ni omu 1,500. Miliampia 4 mara omu 1,500 ni volti 6 kutoka kilele hadi bonde, na hizo ukizipima kama mita ya fundi inavyopima ni volti 2.1. Kiwango cha kawaida cha kutolea sauti kwenye deki za CD ni volti 2. Yaani opampu ile na rezista moja vinakufikisha karibu moja kwa moja. Napenda sana hesabu ikikaa hivyo.

Sambamba na rezista kuna kapasita ya nanofaradi 2.2. Inaonekana kama pambo. Lakini kigeuzi kinaruka ngazi moja hadi nyingine mara 176,400 kwa sekunde, kila mruko una ukingo mkali, na opampu haiwezi kuruka papo hapo. NE5534 inapanda hadi volti 13 kwa mikrosekunde, ambayo ni kasi nzuri kwa umri wake, lakini ukingo wa kigeuzi ni mkali zaidi. Kapasita inaupokea ule ukingo kwanza, inaulainisha, inaanza kupunguza kutoka kilohezi 48 kwenda juu. Nimeona watu wakiing'oa ili "kufungua sauti". Wanachofungua ni mlango wa takataka ambazo opampu haina pumzi ya kuzifuata.

Wapo pia wanaotaka kuondoa opampu kabisa na kuweka rezista moja tu kati ya mguu na ethi. Fikra hiyo ina uzuri wake na siibezi. Lakini mipaka ya milivolti 25 iko pale pale. Mkondo unayumba miliampia 2 kila upande, kwa hiyo rezista haiwezi kuzidi omu 12.5, na unachopata ni milivolti 50 kutoka kilele hadi bonde. Lazima uikuze tena mara 120, kwa transista, kwa vali au kwa trafo. Ukiweza kuijenga hiyo vizuri, hongera. Ukiweka rezista ya omu 200 kwa sababu umeona sauti ni ndogo, umejenga tuta kwenye mfereji.

Opampu ya pili inachuja kidogo na kusukuma. Naipita.

Nikaanza na besi iliyokonda, maana hiyo nilijua pa kuitafuta. Kati ya opampu ya pili na jeki kuna kapasita moja kwa kila njia, mikrofaradi 22, kazi yake ni kuzuia volti tuli isifike kwenye amplifaya huku sauti ikipita. Kapasita hizi zina maji ndani, na zimekaa zaidi ya miaka thelathini. Kibaya zaidi, Mama Mkubwa alikuwa ameiweka deki juu ya amplifaya, na amplifaya inapika. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukiongeza nyuzi 10 za joto, maisha ya kapasita ya aina hii yanapungua nusu.

Nikazitoa, nikazipima. Ya kushoto ilikuwa imebaki mikrofaradi 0.1. Ya kulia 0.3. Amplifaya yake ina omu 10,000 mlangoni. Kapasita nzima ya 22 na omu 10,000 inaanza kukata sauti chini ya hezi 1, mbali kabisa na sikio. Ikibaki 0.1, inaanza kukata hezi 160. Mwanaume wa besi akishuka hadi hezi 80, anafika kwenye jeki ya kushoto akiwa chini ya nusu ya alivyoimba. Nyuzi nene ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 41, inafika robo tu. Ndiyo "besi imekonda" ya Mama Mkubwa, kwa tarakimu.

Nikaweka mpya. Besi ikarudi, chumba kikajaa. Nikaweka CD ya kwaya, nikangoja kile kiitikio ambacho wote wanainuka pamoja. Ikakwaruza kama ilivyokwaruza mwanzo.

Hapo nikafanya kosa ambalo naliona kila siku kwa wengine. Nilishindwa kujua ugonjwa, nikaamua kubadilisha kipuri chenye sifa. Opampu. Nilikuwa nimesoma sana jinsi NE5534 ilivyo ya zamani na jinsi nyingine zilivyo na kasi maradufu, nikaagiza nne kutoka duka moja Dar es Salaam, zikaja na basi ndani ya bahasha.

Nilipozifunga, sauti ilikuwa ngeni. Kali juu, na baada ya dakika kumi opampu mbili zilikuwa za moto hata huwezi kuacha kidole. Kijana mmoja anayesoma elektroniki hapa mjini aliniletea osiloskopu yake, kifaa kinachochora umeme kwenye kioo. Mstari wa sauti ambao unatakiwa uwe mwembamba kama uzi ulikuwa mnene, una ukungu. Opampu zilikuwa zinaimba zenyewe, kwenye masafa ya juu mno ambayo sikio haliyafikii, huku zikijidai kupitisha kwaya.

Sababu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Kwanza, NE5534 ina siri yake: imetengenezwa itulie yenyewe inapokuza mara tatu au zaidi. Ikifanya kazi chini ya hapo, inataka kapasita ndogo ya pikofaradi 22 kati ya mguu wa 5 na wa 8. Wabunifu waliiweka pale kwa ajili yake. Opampu nyingine hutumia miguu hiyo kwa mambo mengine au haziitumii kabisa, na mimi niliiacha kapasita mahali pake kana kwamba haihusiki. Pili, zile nilizonunua hazikuwa zile zilizoandikwa mgongoni. Nilipoziangalia kwa lenzi ya saa niliona mikwaruzo ya msasa chini ya maandishi. Mtu alikuwa amefuta jina moja na kuchapa jingine.

Nikarudisha NE5534 za zamani, zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Ukungu ukaisha. Na sijazibadilisha tena, wala sitazibadilisha. Meza nyingi za kurekodia za miaka ile zilijengwa kwa opampu hizi. Wimbo wa miaka ya 1980 unaousikia leo kuna uwezekano mkubwa umeshapita kwenye NE5534 nyingi studio kabla haujafika kwenye CD. Mbili za mwisho ndani ya deki hazina la kuongeza wala la kupunguza, zikipewa umeme safi.

Lakini kukwaruza kulikuwa bado kupo, na mimi nilikuwa nimeishiwa.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Mbeya anajua Julai yake. Asubuhi ukichota maji vidole vinauma, na mlima Loleza umejifunika ukungu hadi saa tatu. Nilizoea kuwasha deki kabla ya chai ili ipate joto wakati najiandaa. Siku moja, niliporudi mchana, niligundua kitu ambacho ningepaswa kukigundua wiki nzima kabla. Wimbo ule ule, kiitikio kile kile, asubuhi ulikuwa unakwaruza vibaya na mchana ulikuwa karibu safi. Kesho yake nikasikiliza kwa makusudi. Saa moja asubuhi mbaya. Saa nne afadhali. Saa nane vizuri kiasi kwamba mtu angesema imepona.

Transista haina tabia hiyo kwa kiasi hicho. Rezista haina. Kapasita yenye maji iliyochoka inayo. Baridi inapunguza uwezo wake, joto linaurudisha kwa muda. Kwa hiyo kulikuwa na kapasita nyingine mahali fulani, na ilikuwa inaitawala sauti pasipo kusimama kwenye njia yake, maana zilizo kwenye njia nilishazibadilisha.

Nikaenda saluni ya jirani kuazima draya ya nywele.

Asubuhi iliyofuata niliweka kiitikio kijirudie, nikakata karatasi ngumu ya kuelekeza hewa, nikaanza kupasha joto kapasita moja baada ya nyingine. Kubwa za umeme, hakuna. Zilizo karibu na kigeuzi, hakuna. Kona ya kushoto ya bodi, mbali na sauti, karibu kabisa na bati la kupoozea joto, kulikuwa na diodi moja na kapasita ndogo moja vimejitenga peke yao. Nilipoipasha ile, ndani ya sekunde chache kukwaruza kulianza kulegea, na kwaya ikainuka wazi.

Kapasita ile ilikuwa inalisha zile transista mbili ndogo kwenye jeki, na hizo zinahitaji maelezo, maana ni kipuri kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye kipande cha mwisho. Kila moja imewekwa kati ya njia ya sauti na ethi. Deki ikiwashwa, ikizimwa au ikiruka wimbo, transista inafunguka na kuimwaga sauti yote kwenye ethi ili spika zisipigwe kishindo. Wimbo ukianza, inajifunga. Na ikijifunga inatakiwa isahaulike kabisa, kana kwamba haipo.

Kuifunga ndiko kugumu. Sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Kwa volti 2 kamili, bonde lake linafika karibu hasi 2.8. Transista ya aina hii, NPN, ambayo mguu wake wa amri umeachwa tu kwenye sifuri inaonekana imefungwa, lakini wimbi likishuka chini ya hasi 0.6 hivi mkondo unaanza kupita kinyume. Na transista za kazi hii huchaguliwa makusudi ziwe hodari hata kinyume. Matokeo yake nusu ya juu ya wimbi inapita nzima, nusu ya chini inanyolewa. Wabunifu walilijua hilo, wakautengenezea mguu wa amri volti yake ya hasi, ili wimbi lishuke litakavyo lisiifikie. Volti hiyo ilitoka kwenye diodi moja na kapasita moja kule kona. Kapasita ikakauka. Nilipoweka mita asubuhi ile, mahali palipotakiwa pawe na hasi ya volti kadhaa palikuwa karibu na sifuri.

Sasa rudia maneno ya Mama Mkubwa. Wakiimba taratibu ni nzuri kabisa: wimbi halifiki hasi 0.6. Wakipaza sauti, inakwaruza: linaivuka. Alikuwa amenisomea saketi kwenye simu.

Kapasita mpya, ya kuhimili nyuzi 105, nilinunua Mwanjelwa kwa bei isiyofika shilingi elfu moja. Ningeweza hata kuitoa kwenye bodi ya TV ya chogo iliyokufa, lakini kwa kipuri cha umri huu napendelea kipya. Nilichomea risasi kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu njia za shaba za bodi hizi hubanduka ukizidisha moto, na njia ikibanduka umeongeza ugonjwa. Ndiyo maana pia siungi mkono desturi ya kubadilisha kapasita zote za deki kwa siku moja kwa sababu tu ni za zamani. Zile 14 zinazokizunguka kigeuzi, kwa mfano, si za maji. Hazikauki, na kuzigusa bila sababu ni kuhatarisha kipuri ambacho hakitengenezwi tena. Pima kwanza. Za maji zilizokaa karibu na joto, zitilie shaka zote. Nilibadilisha saba kwa jumla, zikiwemo mbili kubwa za umeme ambazo zilikuwa zimeanza kuruhusu mvumo wa hezi 100, ambao ni umeme wetu wa hezi 50 ukishapita kwenye diodi.

Halafu nikaisikiliza siku tatu, asubuhi kwenye baridi, kabla sijaiamini.

Nilimpelekea mwenyewe. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na deki niliipakata karibu njia yote, Makambako na upepo wake, misonobari ya Sao Hill, mahindi ya kuchoma Mafinga ambayo sikuweza kuyala kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nilishuka Ipogolo, nikachukua bajaji kupanda mjini.

Mama Mkubwa hakuniambia niketi. Alitaka kujua kwanza itakaa wapi. Nikamwomba isirudi juu ya amplifaya, akaita kijana alete stuli. Jioni ile ilikuwa siku ya mazoezi, na wanakwaya walianza kuingia wawili wawili, wanavua masweta, wanasalimia "kamwene mwalimu", wanaulizana kama ndiyo ile ile au imenunuliwa nyingine.

Wimbo waliokuwa wanajifunza ulikuwa umewachukua wiki kadhaa na deki mbovu, kisha wakauendeleza kwa kukumbuka. Mama Mkubwa akaweka CD. Ubeti wa kwanza wote walikuwa wanatabasamu na kutikisa vichwa. Kiitikio kikaja, kikapanda, hakikukwaruza, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akapiga makofi. Kisha ubeti wa tatu. Mwishoni mwake, pale sauti nyingine tatu zinaposhikilia neno moja, gitaa la besi linateremka hatua nne, na wanaume wa sauti ya nne wanateremka nalo.

Wanaume wa Kihesa waliangaliana. Wao pale walikuwa wanashikilia neno pamoja na wengine. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba kuna kushuka.

"Mwalimu," mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema, "hapo turudie."

Mama Mkubwa alikuwa ameshabonyeza kurudisha nyuma.